Nani anamushukuru mwenye kufagia kanisa?



Mwezi huu tuongee juu ya neno moja ndogo: aksanti. Hatuongei juu ya ile tunayomwambia Mungu. Ile tunaijua. Huku kwetu kwenye migodi, Lubumbashi, Likasi, Kambove, Kolwezi, siku ya shukrani ni siku kubwa kanisani. Mutu aliyetoka hospitali anasimama mbele, familia yote nyuma yake, mama amebeba kitunga cha unga kichwani, mutoto anashika kuku, ngoma inalia, watu wanacheza mpaka kwenye meza. Ni vizuri sana, tuendelee vile. Lakini kuko aksanti ingine, ya mutu kwa mutu, kwa wale wanaotumika ndani ya nyumba ya Mungu. Kwa ile, sisi ni maskini.

Pitia kanisani siku ya posho, saa tisa ya mchana. (Vijana wengi hawajui tena kwa nini tunaiita siku ya posho. Waulize wazee, watakuambia habari za unga ambao kampani iligawia watumishi wake kila juma.) Utakuta mama wawili au watatu, vitambaa vichwani. Kama ni wakati wa kiangazi na kanisa liko karibu na barabara ya kamyo za madini, vumbi imekwisha kuingia kila pahali: juu ya viti, juu ya ngoma, ndani ya vitabu vya nyimbo. Wanafagia, wanapangusa, wanarudi robine kuchota maji tena. Kisha mumoja anakunja kitambaa cha meza, anakipeleka kwake, anakifua na sabuni yake mwenyewe, ile aliyonunua kwa nguo za watoto. Kesho yake, siku ya yenga, sisi wote tunakaa juu ya kiti safi. Nani kati yetu anauliza ni mukono gani uliopangusa pale?

Mama mumoja alisema maneno haya, na tunayaandika namna alivyoyasema: “Miye nafagia hapa tangu mutoto wangu wa kwanza iko mu mugongo. Leo yeye mwenyewe iko na batoto. Hakuna mutu alishaniambia kitu. Lakini siku moya nilikuwa mugonjwa, viti vikabakia na vumbi. Ile siku njo bantu bote banauliza: nani hakufagia?”

Musome tena yale maneno ya mwisho. Kazi yake ilionekana siku ile moja tu ambayo haikufanyika.

Na siye peke yake. Kuko yule anayepiga kengele, hata kama kengele yenyewe ni kipande cha reli kilichotundikwa kwenye muti. Kuko mwalimu wa watoto wa siku ya yenga, anayenunua chaki na franka zake. Kuko vijana wanaobeba mabafle ya korali kutoka nyumba ya mwenye kuyachunga, na kisha ibada, wakati wengine wanasalimiana kwenye kivuli, wanayarudisha. Kuko mama wanaopika bukari usiku wote kwenye kilio, moshi ndani ya macho, hata marehemu hawakumujua vizuri. Kuko mama muchungaji, anayepokea wageni ambao hakuna mutu alimwambia kama watafika. Na kuko sekretere wa kanisa, mwenye kuandika barua zote ambazo wengine wanatia sinyatiri.

Tunasoma sura moja, tunabadilisha wasomaji

Kwa nini iko vile? Hatufikiri kama ni roho mbaya. Mara nyingi ni namna tunavyosoma Biblia. Fungua Injili ya Luka, sura ya 17. Kuanzia mustari wa 7 Bwana Yesu anatoa mufano wa mutumishi aliyetoka shambani au kuchunga kondoo. Bwana wake hamwambii akae kwanza kula. Anamutuma kutayarisha chakula, na hamushukuru. Kisha Yesu anafundisha wanafunzi kwamba wao pia, wakikwisha kufanya yote waliyoagizwa, wajihesabu kuwa watumishi tu.

Habari hii tunaipenda sana. Kila mara mutu anayetumika kanisani analalamika, muzee mumoja anaifungua na kumusomea: mutumishi wa Mungu hangojei aksanti. Na maneno yanaishia pale.

Lakini usifunge kitabu. Mustari wa 11, karibu sana na ule wa mwisho wa mufano, inaanza habari ya wakoma kumi. Mumeisikia mara nyingi, hatutairudilia yote. Mumoja tu alirudi, naye alikuwa Musamaria, na Yesu akauliza wale tisa wako wapi. Angalia vizuri: Bwana mwenyewe, aliyetoka kufundisha kwamba mutumishi asidai shukrani, anauliza kwa nini shukrani haikuja.

Basi, maneno hayo mawili hayapigani. Yanaambiwa watu wawili. Mwenye kutumika asome ile ya kwanza, peke yake, ndani ya roho yake, siku anaposikia uchungu kwamba hakuna anayemwona. Mwenye kutumikiwa asome ile ya pili. Sisi tunabadilisha. Yule aliyekaa juu ya kiti safi anachukua mufano wa mutumishi na kuusoma mbele ya mama mwenye ufagio. Hapo neno la Mungu linakuwa fimbo, na anayepigwa ni yule aliyechoka.

Barua yenye majina

Mutume Paulo hakufanya vile. Wengine wakisoma Warumi wanaruka sura ya 16, wanasema ni majina tu. Tunawaomba ninyi vijana, siku moja musiiruke, tena mushike kalamu na muhesabu. Mutakuta anasalimu watu zaidi ya 20 kwa majina yao, na kwa wengi anasema kazi waliyofanya. Fibi wa Kenkrea alisaidia watu wengi, na Paulo mwenyewe. Priska na Akila walitia maisha yao katika hatari kwa ajili yake, na kanisa lilikutana nyumbani mwao. Mama wa Rufo alikuwa kama mama kwake pia. Hatujui kama alimupikia, alimufulia nguo ao alimufunga vidonda. Lakini Paulo hakusahau.

Kuko jambo lingine pale. Watu wane wanasifiwa kwa neno moja, kwamba walitumika kwa nguvu: Mariamu, Trifaina, Trifosa na Persisi. Wote wane ni wanamuke. Baba wapendwa, mulitie hilo akilini kisha muangalie ni nani anayefagia kanisa lenu na ni nani anayetajwa katika matangazo.

Na kwenye mustari wa 22, mwenye kuandika barua anajitaja, Tertio, anatoa salamu zake mwenyewe. Paulo alisema maneno, Tertio aliyaandika. Paulo hakumukataza kutia jina. Masekretere wa makanisa yetu wafurahi kidogo.

Sasa linganisha barua hiyo na matangazo yetu. Kisha sikukuu, kisha konferansi ya vijana, kisha kilio kikubwa, mutu anasimama na kusema: “Tunashukuru wote waliotusaidia kwa namna moja ao ingine.” Maneno hayo tumeyasikia mpaka masikio imezoea. Hayaumizi mutu, ni kweli. Lakini mama aliyelala saa mbili tu usiku ule anajitafuta ndani yake na hajioni. “Namna moja ao ingine” ni namna gani? Alibeba maji ao alibeba kuni? Kama hatujui, ni kwa sababu hatukuangalia, na pale ndipo ugonjwa wenyewe unaanzia. Paulo, akiandikia Wathesalonike barua ya kwanza, sura ya 5, anaomba kanisa liwajue wale wanaojitaabisha kati yao. Kuwajua kwanza. Heshima na upendo vinafuata.

Wale walioshika kanisa wakati wa njaa

Tuseme jambo moja ambalo linahusu hasa sisi watu wa migodi.

Wazee wetu walijua wakati Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Vile ilikuwa katika miaka ya 1980. Kisha mugodi wa Kamoto ukaanguka katika 1990, machafuko yakaja, kazi ikashuka, na katika 1994 shaba yote ya kampani haikufika hata tani 50,000. Mishahara ilikawia miezi na miezi. Kuanzia 2003 watumishi zaidi ya 10,000 walitoka kazini kwa ule mupango ulioitwa kuondoka kwa kupenda, hata kama wengi wao watakuambia kwamba kupenda hakukuwa.

Katika miaka hiyo, kitunga cha matoleo kilipita karibu wazi. Lakini makanisa hayakufungwa. Kwa nini? Kwa sababu kuko baba aliyekuwa fundi mukubwa kwenye karakana, aliyekosa mushahara, na bado alipanda juu ya bati kuziba matundu mbele ya mvua. Kuko mama aliyelima kashamba kake mbali, akauza mandazi kwenye njia, na bado alitoa kikombe cha unga kwa muchungaji kila juma. Kuko mwalimu wa watoto aliyefundisha kwa miguu peku. Mutoto aliyejifunza kusali mbele yao leo ni baba ao mama, pengine ni shemasi, pengine ni wewe unayesoma.

Wazee wale wanaondoka, mumoja mumoja. Na sisi tunajua kusema vizuri mbele ya sanduku. Kwenye kilio tunapanga watu wa kuongea, kila mumoja anataja mazuri ya marehemu, korali inavaa sare, watu wanalia kweli. Marehemu hasikii. Kama kuko baba muzee wa namna hiyo kwenye kartie yenu, ambaye macho yamedhoofika na anakaa mbele ya nyumba yake akingojea mutu wa kuongea naye, mutu aende kwake akiwa muzima. Vijana wa korali waende wamwimbie wimbo mumoja palepale kwenye lupango. Wamwambie: “Baba, tulisikia kama weye njo ulifunika kanisa ile mwaka. Tunakuya kukuambia aksanti.” Kisha wamuulize namna alivyofanya, na mumoja aandike. Kanisa lisiloandika litapoteza habari yake yote katika miaka kumi.

Mufuko wa sementi na kiti cha mbele

Kuko wale ambao hatusahau kushukuru. Mutu mwenye pesa, pengine mwenye kununua mawe ya madini kwa wachimbaji, analeta mifuko ya sementi. Wakati wa kuchagua, kama ilivyokuwa katika 2006, 2011, 2018 na 2023, kandida anafika na mabati. Siku ile muchungaji anamwita mbele, korali inamwimbia, anapewa kiti kikubwa, pengine anapewa na mikrofoni. Mama wa ufagio anasogea nyuma ili wageni wapate pahali pa kukaa.

Hatusemi mutu anayeleta sementi asishukuriwe. Nyumba ya Mungu inahitaji sementi, na tajiri naye ni mutoto wa Mungu. Lakini tupime. Kama aksanti yetu inakua kadiri ya bei ya kitu, ile ni biashara. Na kama kisha aksanti hatuwezi tena kumwambia mutu yule neno la kweli, juu ya watoto wanaobeba mifuko kwenye mashimo yake, ao juu ya maneno aliyoahidi, basi alitununua.

Paulo anatufundisha pale pia. Akiwa ndani ya gereza, kanisa la Filipi lilimutuma Epafrodito na zawadi, naye Epafrodito akagonjwa karibu kufa. Paulo anawashukuru wazi, anakumbuka hata kwamba walimusaidia zamani alipokuwa Thesalonike. Lakini palepale, katika sura ya 4, anawaambia kwamba amejifunza kuishi na vingi na kuishi na njaa. Anafurahi kwa zawadi, na anaonyesha kwamba hakuwa akiiwinda. Mutu wa namna hiyo anaweza kushukuru bila kupiga magoti mbele ya mwenye kutoa. Na musahau kidogo zawadi, muangalie: katika sura ya 2 anaomba kwamba huyo aliyeibeba apokewe kwa furaha na heshima. Mwenye kubeba naye alipata yake.

Aksanti siyo mushahara

Hapa tunataka kuonya wenye kuongoza makanisa. Kuko kazi ya kujitolea, na kuko kazi ya kulipwa. Zamu anayelinda usiku, fundi anayejenga ukuta, seremala anayetengeneza viti: kama mulipatana bei, mumulipe. Usimwambie “Mungu atakubariki” na kumufunga mukono kwa maombi. Torati inaagiza katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24 kwamba maskini alipwe siku ileile, jua lisishuke mbele. Yakobo, sura ya 5, anasema mushahara uliozuiliwa unapiga kelele, na Bwana anasikia. Sisi zaidi ya wengine tunapashwa kuelewa. Nani asiyekumbuka namna ilivyokuwa kusikia mukubwa akisifu kazi yetu wakati nyumbani sufuria ilikuwa wazi?

Kwa ile kazi ya kujitolea, usikimbilie bahasha. Mukianza kutoa franka kwa mama wanaofagia, mwezi wa tatu kutakuwa maneno juu ya nani alipata ngapi, na yule aliyefagia kwa furaha atakuwa kama mutumishi wa biro. Aksanti ya kweli inatafuta pahali mutu anapoumia. Sabuni wanayonunua wao, kanisa liinunue. Ufagio umekwisha, uletwe mwingine kabla hawajaomba. Nyumba ya mama mujane inavuja, vijana watatu wapande juu siku moja. Na mara moja kwa mwezi, wababa wafagie wao, mama wakae kwenye kivuli. (Tunajua mutacheka. Kufagia hakujaua mwanaume.)

Kwa vijana, wakubwa wawaambie aksanti kwa midomo. Sisi tunawaita tukiwa na mabafle ya kubeba, na tunawafokea kama nyaya zimekatika. Kisha tunashangaa wanapohamia kanisa lingine. Kijana aliyeambiwa mbele ya watu, kwa jina lake, “Wewe ulifika saa kumi na mbili asubuhi kuweka mashini, tulikuona,” huyo hasahau.

Na yote hii inaanzia nyumbani. Mutoto asiyemwambia mama yake aksanti kwa bukari na sombe hataianza kanisani. Vilevile baba anayekula, anapangusa mikono na kutoka bila neno, watoto wanamwangalia. Wazazi nao wawaambie watoto wanapoleta maji. Hakuna heshima inayopotea pale.

Mwezi ujao, Bwana akipenda, tutajibu barua za vijana juu ya mahari na ndoa ya kanisa, maana zimekuwa nyingi. Kwa sasa, siku ya posho inayokuja, familia moja kutoka kila kartie ifike kanisani mbele ya saa tisa, na mumoja aulize mama wale majina yao yote, hata jina la mutoto wa kwanza, na muda waliotumika. Sekretere aandike, muchungaji asome siku ya yenga. Mulete na bidoni, maana robine iko mbali.